Je, wajua kwa nini kusikiliza "pande zote mbili" kunaweza kueneza ugonjwa?

Mwaka 1997 gazeti la South Wales Evening Post, linalosomwa mjini Swansea na vitongoji vyake kusini mwa Wales, lilianza kutoa mfululizo wa habari za wazazi walioamini kuwa watoto wao wamedhuriwa na MMR, chanjo inayokinga surua, matumbwitumbwi na rubela kwa pamoja. Wazazi hao hawakubuniwa, na uchungu wao ulikuwa wa kweli. Watafiti walipokuja kupima baadaye, walikuta uchanjaji umeshuka kwa asilimia 13.6 katika eneo gazeti hilo linakouzwa. Kwingineko Wales ulikuwa umeshuka kwa asilimia 2.4.

Mhariri anaweza kujitetea kwamba hakumkataza mtu kuchanja, ameuliza maswali tu, ameacha kila upande useme. Ni utetezi unaoingia akilini, kwa sababu kusikiliza pande zote ndilo somo la kwanza la uandishi wa habari. Kosa liko wapi, basi?

Liko kwenye umbo la habari yenyewe. Ukiweka viti viwili studioni na kugawa dakika kumi nusu kwa nusu, msikilizaji ameshaambiwa jambo kabla mgeni hajafungua kinywa: wajuzi hawajakubaliana. Mkizungumzia kodi au uchaguzi, huenda ni kweli. Mkizungumzia iwapo VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI, ni uongo, na aliyeusema si mgeni. Ni mtayarishaji wa kipindi, kwa kupanga viti tu.

Watafiti Graham Dixon na Christopher Clarke walilipima jambo hili kwa majaribio, wakiwapa watu habari kuhusu dai kwamba chanjo huleta usonji. Waliosoma habari iliyozipa pande mbili uzito sawa walitoka na shaka kubwa zaidi juu ya chanjo, na walidhani wataalamu wamegawanyika, kuliko waliosoma habari iliyoeleza kwamba ushahidi hauonyeshi uhusiano wowote.

Shaka hiyo haihitaji kuwapata wengi. Mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuambukiza wengine 12 hadi 18. Ndiyo sababu takriban watu 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga ili virusi vikose pa kupita. Wazazi wachache wakisema "ngoja kwanza tuone", ukuta umetoboka. Mkanushaji, yaani mtu anayekataa jambo ambalo ushahidi umeshalithibitisha, halazimiki kushinda mdahalo. Sare inamtosha.

Kisa cha UKIMWI kinafundisha zaidi, maana mkanushaji wake mkuu hakuwa tapeli wa mtaani. Peter Duesberg alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, bingwa wa virusi aliyekuwa na sifa ya haki katika utafiti wa saratani. Mwaka 1987 alichapisha hoja kwamba VVU havina madhara na kwamba chanzo cha UKIMWI kitafutwe kwingine; baadaye alitaja hasa dawa za kulevya. Mwanzoni lilikuwa swali halali, na lilijibiwa. Jibu lililo wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, lilitoka Uingereza mwaka 1995. Watafiti walifuatilia wagonjwa wa hemofilia, watu ambao damu yao haigandi vizuri, ambao baadhi yao walipata VVU kupitia dawa zilizotengenezwa kwa damu. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja na matibabu yao mamoja. Kati ya wale wenye hemofilia kali, wasio na virusi waliendelea kufa kwa kiwango kile kile cha zamani, watu 8 kwa 1,000 kila mwaka. Kwa wenye virusi kiwango kilifika 81.

Lakini hata kabla ya hapo, kati ya 1992 na 1994, gazeti la Sunday Times la London lilikuwa limeshaipa hoja ya Duesberg kurasa baada ya kurasa, likiiita sauti inayonyamazishwa. John Maddox, mhariri wa jarida la sayansi la Nature, alilishambulia waziwazi. Mwaka 1993 aliandika tahariri yenye swali: je, Duesberg ana haki ya kujibu? Jibu lake lilikuwa hapana. Wapo walioliona ni jeuri. Mimi naona alitenganisha vitu viwili tunavyopenda kuvichanganya: haki ya mtu kusema, ambayo hakuna aliyemnyang'anya, na haki ya kukabidhiwa kipaza sauti cha mwingine kila anapokitaka, ambayo hakuna aliyewahi kuwa nayo.

Tunajua hoja hiyo iliishia wapi. Mwaka 2000 Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini aliunda jopo la kujadili chanzo cha UKIMWI, akawakalisha wakanushaji, Duesberg akiwemo, meza moja na wanasayansi wengine. Mwezi Julai mwaka huo zaidi ya wanasayansi na madaktari 5,000 walitia saini Azimio la Durban kuthibitisha kwamba VVU ndivyo chanzo. Hata hivyo serikali iliendelea kusuasua kutoa dawa. Watafiti wa Harvard walikadiria baadaye kuwa zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kwa ucheleweshaji huo kati ya 2000 na 2005.

Hapa hutajwa Barry Marshall, daktari wa Australia aliyebezwa aliposema vidonda vya tumbo huletwa na bakteria, kisha akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 pamoja na Robin Warren. Je, naye asingepewa nafasi? Angepewa, tena kwa haki. Marshall alikunywa bakteria wale mwaka 1984, akaugua, akachapisha matokeo, akawaachia wengine wayarudie. Mpinzani wa namna hiyo ukimuuliza ni ushahidi gani ungembadili mawazo, anakutajia. Mkanushaji akijibiwa hili huruka kwenye lile, na wiki ijayo anarudi na lile la kwanza kana kwamba halikujibiwa. Mwandishi ambaye hajasoma majibu ya awali hawezi kuliona hilo, na mara nyingi hajapewa muda wa kuyasoma.

Mkanushaji akishaalikwa, je, mtaalamu asusie? Philipp Schmid na Cornelia Betsch walichapisha majaribio kuhusu hili mwaka 2019: matokeo mabaya kuliko yote hupatikana mkanushaji anapoachwa bila kujibiwa. Kumsahihisha kuhusu ukweli husaidia, na kufichua mbinu anayoitumia husaidia pia, ingawa si lazima madhara yaishe. Kususia kuna maana pale tu kunapofanya kipindi chenyewe kisirushwe.

Kuhusu MMR, aliyefanya kazi ya uandishi hasa ni Brian Deer. Daktari Andrew Wakefield alikuwa amechapisha andiko lake la kuihusisha MMR na usonji katika jarida la tiba la Lancet Februari 1998, akitumia watoto 12 tu, na uchanjaji wa MMR Uingereza ukaporomoka hadi kama asilimia 80. Deer hakuandaa mdahalo. Alifuata kumbukumbu, akauliza nani alimlipa nani, na kuanzia 2004 akaanika yaliyofichwa. Gazeti lililochapisha uchunguzi huo ni Sunday Times, lile lile. Lancet iliondoa andiko hilo Februari 2010, na Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari mwezi Mei.

Novemba 2012 surua ililipuka Swansea. Hadi ilipotangazwa kwisha Julai 2013, wagonjwa zaidi ya 1,200 walikuwa wameripotiwa na mtu mmoja alikuwa amefariki. Kundi lililoathirika zaidi lilikuwa vijana wa miaka 10 hadi 18.