Kura Yangu ni ya Subutai
Kila muhula wanafunzi wangu wa historia ya vita huniuliza swali lilelile: jemadari gani aliwapita wote? Kabla sijajibu, majina yameshamwagika: Aleksanda Mkuu, Hannibal, Khalid bin Walid, Napoleon. Sina ugomvi na hata mmoja wao, na Khalid namweka juu sana. Lakini kura yangu ni ya Subutai, mtoto wa mhunzi aliyepanga vita vya Wamongolia chini ya Genghis Khan na mwanawe Ögedei.

Kipimo changu ni kimoja: je, jemadari anaweza kuongoza vita asivyoviona? Aprili 1241 Wamongolia walikuwa na vikosi Poland na vingine Hungaria, zaidi ya kilomita 400 kati yao, na habari zilisafiri kwa farasi tu. Tarehe 9 jeshi la Duke Henryk wa Pili lilivunjwa Legnica, naye akauawa. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mfalme Béla wa Nne wa Hungaria, huko Mohi, kando ya mto Sajó.

Mohi ndiko kwenye darasa. Batu, mjukuu wa Genghis, alilivamia daraja alfajiri kwa mitambo ya kurushia mawe. Subutai alikuwa ameteremka na mto gizani ajenge daraja lake, awatokee Wahungaria kwa nyuma. Huko chini maji yalikuwa na kina, kazi ikachelewa, na Batu akapigana peke yake kwa saa kadhaa huku watu wake wakiteketea. Historia rasmi ya nasaba ya Yuan, ukoo wa Wamongolia uliotawala China, inasimulia kwamba alitaka kurudi nyuma. Subutai akakataa: hageuki mpaka aufikie mto Danube. Baadaye Batu alikiri kwamba ushindi ule ulikuwa wa mzee huyo.

Wahungaria walipobanwa ndani ya kambi yao iliyozungushiwa magari ya kukokotwa, waliachiwa upenyo. Aliyezingirwa pande zote hupigana kufa na kupona. Aliyeona mwanya hukimbia. Wakakimbia, safu zikavunjika, wakauawa njiani. Yale yalikuwa mauaji, na siyapi jina jingine.

Na wanaomtetea Napoleon, mwaka 1812 baridi ya Urusi ililimalizia jeshi lake. Subutai na Batu waliingia huko makusudi majira ya baridi ya 1237, mito ikiwa imeganda, wakapitisha farasi juu ya barafu kama barabarani. Mji wa Ryazan ulianguka Desemba hiyohiyo.