Dhana Potofu Kuhusu Mazoezi ya Kwenda Kuwinda Milimani

Mwindaji anayejiandaa kwenda milimani anaweza kutumia miezi akichagua bunduki, darubini na viatu, kisha mwili akaukumbuka wiki mbili kabla ya safari. Hata anayeukumbuka mapema, mara nyingi huuandaa kwa kazi nyingine kabisa. Linaniuma jambo hili, kwa sababu anayelipia uzembe huo si mwindaji peke yake. Mtu aliyeishiwa pumzi hulenga vibaya, na mnyama aliyejeruhiwa hupotelea bondeni akiteseka.

"Nakimbia kila asubuhi, mlima hautanishinda."

Kukimbia kunaujenga moyo na mapafu, wala simwambii mtu aache. Lakini barabara tambarare haimzoezi mtu kuuinua mwili wake wote pamoja na mzigo, hatua baada ya hatua, kwa saa kadhaa. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo. Kwa vipimo vya sasa ni hivi: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 za tambarare ni saa 2. Njia hiyo hiyo ikiwa na mita 1,000 za kupanda inakaribia saa 3 na dakika 40, na hapo hatujataja vichaka, mawe yanayoteleza wala begi zito.

Kwa hiyo yapime mazoezi yako kwa mita ulizopanda. Kilima kinafaa, ngazi za jengo refu zinafaa, na asiye na vyote hivyo atafute kisanduku imara apande na kushuka. Begi lianze na uzito mdogo, kama sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wako, uongezwe taratibu wiki baada ya wiki. Viatu viwe vile vile utakavyowindia.

"Kazi ni kupanda. Kushuka ni mteremko tu."

Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hukaza huku ikifupika ili ikuinue. Unaposhuka, hukaza huku ikirefushwa, kama breki, ili uzito wako usiporomoke. Kazi hii haikutoi jasho sana, na ndiyo maana hudanganya, lakini ndiyo inayojeruhi nyuzi za misuli kuliko ile ya kupanda. Maumivu yake huchelewa, na kwa kawaida hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Aliyeteremka bonde refu kwa kasi siku ya kwanza huamka kesho yake hawezi hata kuchuchumaa nyuma ya jiwe. Kunyoosha viungo jioni hakupunguzi maumivu hayo kwa kiasi cha maana, ingawa wengi huamini hivyo.

Uzuri ni kwamba misuli huzoea upesi. Ikishapitia mshuko mmoja mrefu, mshuko kama huo katika wiki zinazofuata huiumiza kidogo sana. Basi shuka mara kwa mara kabla ya safari. Zoezi moja ninalolithamini mno: simama juu ya kisanduku, jishushe kwa mguu mmoja polepole, ukihesabu hadi 3 kabla kisigino cha mguu wa pili hakijagusa chini.

Tena, windo likifanikiwa, mzigo mzito kuliko yote huja wakati wa kurudi, miguu ikiwa imeshachoka. Nyama ya mnyama mkubwa haibebwi kwa safari moja. Inakatwa, inashushwa, kisha unapanda tena kufuata iliyobaki, na joto haliisubiri. Jiulize kabla ya kuondoka nyumbani: nitaweza kushuka na kilo 25 au 30, nikarudi kuchukua nyingine? Kama huwezi, panga wasaidizi mapema au usimpige mnyama aliye mahali usipoweza kumtoa. Kuacha nyama ioze mlimani ni aibu.

Hata hivyo, usishuke na mzigo huo mazoezini kila siku, magoti yatalalamika. Jaza madumu ya maji ndani ya begi, panda nayo, uyamwage juu, ushuke mwepesi. Mshuko wenye mzigo uwe wa mara chache, na fimbo mbili za kutembelea zitayapunguzia magoti kazi.

"Mazoezi yasiyokuacha hoi ni kupoteza muda."

Sehemu kubwa ya mazoezi inatakiwa iwe ya mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Mwendo huo huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kuufundisha mwili kutumia mafuta yake, ili akiba ndogo ya wanga isiishe kabla ya mchana. Siku moja au mbili ngumu kwa wiki zinatosha. Mabadiliko haya yanataka miezi, tena kano hukomaa polepole kuliko misuli, hivyo anayelazimisha huishia kuumia. Mimi ningeanza miezi 6 kabla, na wiki ya mwisho ningepunguza mazoezi, maana mazoezi mazito ya wiki hiyo hayaongezi nguvu mpya, yanaongeza uchovu tu.

"Mwenye mazoezi haugui mwinuko."

Hii ndiyo inayoua. Ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu milimani, huanza kujitokeza kuanzia kama mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na mwenye misuli imara hauepuki. Pengine yuko hatarini zaidi, kwa kuwa anaweza kupanda haraka kuliko mwili wake unavyozoea. Kinga ni kupanda pole: ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na upumzike siku nzima kila baada ya siku 3 au 4. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usiendelee kupanda. Ukipepesuka, ukichanganyikiwa, au ukikosa pumzi hata umekaa, shuka mara moja. Barakoa za mazoezi zinazouzwa kama "mlima wa nyumbani" hubana pumzi tu, hazileti hewa nyepesi ya milimani.

"Umri umenipita."

Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee dhaifu, wastani wa miaka 90, waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Mwenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu, au aliyekaa miaka bila mazoezi amwone daktari kwanza, kisha aanze.

"Shabaha yangu uwanjani inatosha."

Uwanjani moyo umetulia. Mlimani unapiga hadi masikioni, na darubini ya bunduki inacheza nao. Fanya mazoezi hayo pamoja: kimbia mlimani, jilaze, subiri pumzi ishuke, lenga, ufyatue kwa utaratibu wa uwanja wa shabaha. Pima ni umbali gani risasi zako bado zinakusanyika katika eneo la moyo na mapafu ya mnyama ukiwa unahema hivyo. Umbali huo ndio wako milimani, hata kama uwanjani unapiga mbali maradufu.