Picha ni yako, sura si yako

Wengi huamini kwamba mpiga picha anaweza kuiuza picha yake popote, mradi mhusika alikubali kupigwa. Nusu ya hilo ni kweli: hakimiliki kwa kawaida ni yake. Lakini hakimiliki hulinda kazi yake tu. Haimpi ruhusa ya kutangazia sabuni kwa sura ya mtu mwingine. Katika nchi nyingi tangazo huhitaji idhini ya mhusika, na karatasi yenye saini ndiyo ushahidi usio na ubishi mwingi. Kwa mtoto, husaini mzazi au mlezi. Picha za habari zina kanuni nyingine.

Ukitaka kuhakikisha, soma masharti ya tovuti zinazouza picha: nyingi hazipokei, kwa matumizi ya kibiashara, picha ya mtu anayetambulika bila karatasi hiyo ya idhini. Kisha tazama sheria ya faragha ya nchi yako.