Maana ya "stempu iliyotumika" na jinsi thamani yake inavyopimwa

Stempu iliyotumika ni stempu ambayo imekwisha kulipia safari ya barua na kugongwa muhuri wa posta ili isitumike tena. Wengi huuona muhuri huo kama doa linaloshusha thamani, na ndiyo maana mtu anayekuta bahasha za babu yake katika sanduku la bati, iwe Mpwapwa au Kondoa, hukimbilia kubandua stempu na kuitupa bahasha. Kosa hilo huniuma kila ninapoliona, kwa sababu kwa stempu za eneo letu muhuri mara nyingi husimulia mengi kuliko picha.

Utambuzi huanza na maandishi. Katika koloni lao la Afrika Mashariki, Wajerumani walianza mwaka 1893 kwa kuzipiga stempu za kwao chapa ya thamani mpya kwa pesa, yaani sehemu ndogo ya rupia, kisha wakatoa zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaisari. Zilizoandikwa pesa ni za kabla ya mwaka 1905, na zilizoandikwa heller ni za tangu hapo, kwa kuwa rupia moja iliacha kugawanywa kwa pesa 64 ikagawanywa kwa heller 100. Herufi G.E.A., kifupi cha German East Africa, zilizopigwa juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda ni za utawala wa Waingereza kuanzia mwaka 1917. Mwaka 1922 likaja jina Tanganyika pamoja na kichwa cha twiga, ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote, na mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zikaanza kutumia stempu za pamoja.

Hapo kwenye stempu za pamoja ndipo muhuri unapokuwa na uzito wake wote. Stempu ileile iliuzwa Nairobi, Kampala na Dodoma, na majina ya nchi tatu yaliyoandikwa juu yake hayasemi ilinunuliwa wapi. Chukua stempu ya senti 20 ya Mfalme George VI iliyobanduliwa: pembeni unasoma herufi K, O na N, na sehemu iliyobaki ya duara ilikwenda na karatasi. Je, ni Kondoa au Kongwa? Kama ni Kongwa, na tarehe iko kati ya mwaka 1947 na 1951, basi barua hiyo ilitoka huko wakati wa mradi mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, na mkusanyaji wa historia ya posta angeilipia zaidi bahasha nzima kuliko stempu peke yake. Jibu lilikuwa katika kile kipande cha karatasi kilichotupwa.

Baada ya muhuri hukaguliwa hali ya stempu yenyewe. Meno ya pembeni yawe kamili, na yahesabiwe kwa kipimo cha matundu katika sentimita 2, kwa sababu stempu mbili zenye picha na rangi zilezile zinaweza kutofautiana bei sana kwa idadi ya meno tu. Mfululizo wa George VI una mifano mingi ya namna hiyo. Kisha hutazamwa alama ya maji, yaani chapa iliyofichika ndani ya karatasi, ambayo huonekana stempu ikilazwa kifudifudi juu ya kitu cheusi. Mkunjo, mpasuko au sehemu iliyokwanguka huporomosha bei.

Si kila muhuri ni wa posta. Stempu za thamani kubwa zilibandikwa pia kwenye hati kama kodi ya serikali, zikafutwa kwa kalamu au kwa muhuri wa ofisi, na hizo huwa na bei ya chini mno zikilinganishwa na zilizosafirisha barua. Kwa upande mwingine, zipo stempu ambazo zikiwa zimetumika ni adimu kuliko zikiwa mpya, jambo lililowavuta waghushi kutengeneza mihuri ya uongo, hasa kwenye stempu za makoloni ya Ujerumani.

Bei ya katalogi, yaani kitabu kinachoorodhesha stempu na bei zake, basi, isichukuliwe kama bei ya sokoni. Katalogi hutaja bei ambayo muuzaji angedai kwa nakala nzuri, na bei ya chini kabisa ndani yake kwa kiasi kikubwa ni gharama ya muuzaji ya kutafuta, kupanga na kutunza. Mwenye stempu akiuza hupata pungufu, mara nyingi pungufu sana. Ulinganisho wa kuaminika hutokana na bei ambazo stempu ya aina hiyo, yenye hali kama hiyo na muhuri wa aina hiyo, imekwisha kuuzwa mnadani.

Kwa hiyo bahasha ikiwa nzima, iachwe nzima. Ikiwa imekwisha kuliwa na mchwa, mkasi upite mbali na stempu ili duara lote la muhuri libaki. Kuloweka stempu majini ili ibanduke nako kusubiri mpaka aina yake ijulikane, kwa kuwa baadhi ya stempu za kikoloni zilichapwa kwa wino unaoyeyuka majini, makusudi, ili mtu asiweze kuuosha muhuri na kuitumia stempu tena.