Uzamili wa uuguzi: anza na anatomia, barua itafuata

Dirisha la maombi likikaribia kufunguliwa, watu wenye shahada za fani nyingine hunitafuta wakitaka niwasaidie kuandika barua ya kujieleza. Huwa nawauliza kwanza: anatomia umeshasoma?

Nauliza hivyo kwa sababu masomo ya awali, yale unayotakiwa kuyafaulu kabla ya kupokelewa, yamefungamana. Anatomia (muundo wa mwili) na fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) mara nyingi hugawanywa sehemu mbili, na ya pili huigusi mpaka ufaulu ya kwanza. Mikrobiolojia nayo huweza kudai kwanza kemia au baiolojia. Bidii yako haiwezi kuyabana yote katika miezi mitatu. Jipangie mwaka mmoja hadi miwili. Chukua masharti ya vyuo vitatu au vinne uvitakavyo, uyalinganishe mstari kwa mstari. Kimoja kitadai lishe, kingine saikolojia ya makuzi, kingine kitakataa somo la sayansi lisilo na maabara. Na vipo visivyopokea alama za sayansi zilizozidi miaka mitano au saba. Hapo wengi huumia, maana alama wanazo, tena nzuri, ila muda wake umepita.

Takwimu usiikimbie. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza anayekumbukwa kwa taa aliyozunguka nayo usiku kuwaangalia wagonjwa, mwaka 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kukubaliwa katika chama cha wanatakwimu cha London, kwa kuwa alihesabu vifo vya askari na kuonyesha chanzo chake.

Kuhusu uzoefu, nina msimamo mkali kidogo. Wingi wa saa za kujitolea haunishawishi kama mwombaji hawezi kunieleza alichokiona. Nakumbuka mwombaji mmoja aliyekuwa akihudumia wazee. Alieleza kwamba asiyeweza kujigeuza kitandani husaidiwa kugeuka, mara nyingi kila baada ya saa mbili, kwa kuwa ngozi iliyogandamizwa hukosa damu na hatimaye hufanya kidonda. Kisha akasimulia siku alipoona wekundu usioisha kwenye kisigino cha mzee, akamwita muuguzi papo hapo. Nilijua huyu ameshaanza kutazama kama muuguzi.

Kwa hiyo weka daftari. Kila zamu ikiisha, andika ulichokiona, ulichokifanya na usichokielewa. Jina la mgonjwa usiliandike kamwe, wala lolote linaloweza kumtambulisha. Miezi ikipita, barua yako itachotwa humo.

Kwa aliye muuguzi tayari, hakikisha leseni yako iko hai, na angalia uzoefu wako unaendana na mkondo unaoutaka. Anayelenga kazi ya kuwapa wagonjwa dawa za usingizi wakati wa upasuaji, kwa mfano, kwa kawaida hutakiwa awe amefanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa mahututi.

Wadhamini, yaani watakaokuandikia barua za kukupendekeza, nao waombe mapema, ukiwa bado kazini. Msimamizi wa wodi aliyekuona ukirudi kumwangalia mgonjwa mara ya pili bila kutumwa ataandika barua yenye uzito, ilimradi umwombe kabla kumbukumbu hiyo haijamtoka.