Anwani ya benki isome kutoka nyuma

Wengi hapa Lubumbashi huiamini barua pepe ya benki kwa nembo yake na Kifaransa chake safi. Mimi vyote viwili siviangalii. Nembo hunakiliwa kwa sekunde chache, na siku hizi tapeli huandikiwa Kifaransa na programu, bila kosa hata moja. Kinachomuumbua ni anwani.

Simu huonyesha jina la mtumaji tu, na jina hilo kila mtu hujiandikia apendavyo. Katika Gmail, gusa mshale mdogo ulio chini ya jina hilo upate anwani kamili, utazame kinachofuata alama ya @. Kiungo usikifungue, kibonyeze bila kuachia mpaka anwani yake itokee. Tuseme ni hii:

https://benkiyako.cd.uhakiki-akaunti.com/ingia

Jicho huona «benkiyako.cd» na moyo hutulia, maana .cd ni ya Kongo. Sasa tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha rudi kushoto. Kwa anwani za .com na .cd, mwenye tovuti yumo katika sehemu mbili za mwisho kabla ya mkwaju huo: uhakiki-akaunti.com. Vilivyotangulia ni mapambo, huweka atakacho. Kagua na herufi: r na n zikibanana husomeka m. Alama ya kufuli kando ya anwani nayo si ushahidi. Inasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na cheti chake hata tapeli hukipata bure.

Mnaolipia mizigo ya mpakani Kasumbalesa, ogopeni zaidi kiambatisho cha «avis de paiement» (taarifa ya malipo) kinachoishia na .html. Huo ni ukurasa wa kuibia nywila uliofichwa ndani ya faili. Ukiufungua, kivinjari huonyesha mahali faili lilipo kwenye kifaa chako, kwa hiyo hakuna anwani ya tovuti ya kukagua. Ufute.

Kama nywila umekwisha kuiandika, usiandike msimbo unaoletwa kwa SMS. Wakati huohuo tapeli yuko kwenye tovuti ya kweli ya benki, na kilichobaki ni msimbo huo. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, si ile ya kwenye barua, au nenda ajansi. Funga kadi na akaunti kwanza, nywila ibadilishwe baadaye. Ikiwa barua pepe yako inatumia nywila hiyohiyo, ibadilishe nayo, kisha fungua mipangilio uone kama barua zako hazipelekwi kwenye anwani usiyoijua. Ikibaki humo, ujumbe wa benki utaendelea kumfikia hata baada ya kubadilisha nywila.