Kabla ya bei ya fila, uliza dawa ya kuiyeyusha

Ujumbe unaoingia mara nyingi kwenye simu ya kliniki yangu ni mfupi: "Dokta, fila ya midomo shilingi ngapi?" Bei nitakutajia, ni haki yako kuijua. Ila kuna swali ambalo natamani kila mtu alitangulize popote anapokwenda kuchomwa, kwangu au kwa mwingine: je, dawa ya kuyeyusha fila mnayo hapo hapo, na nani anajua kuitumia? Leo naeleza kwa nini swali hilo lina uzito kuliko bei.

Wengi wanachanganya fila na botoksi. Botoksi inalegeza msuli, ndiyo maana inatumika kwenye mikunjo inayotokea ukikunja uso. Fila hailegezi kitu, inajaza. Ni jeli inayoingizwa chini ya ngozi ili kurudisha ujazo uliopungua, au kuongeza pale mtu anapotaka kuongeza.

Jeli inayotumika zaidi inatengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki. Umezaliwa nayo: ipo kwenye ngozi, kwenye maungio, hata ndani ya jicho. Mwaka 1934 Karl Meyer na John Palmer waliitenga kwa mara ya kwanza kutoka macho ya ng'ombe, huko New York. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban gramu 15 mwilini, na karibu theluthi yake huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Kwa hiyo ukiichoma ikiwa ya asili hivyo hivyo, mwili utaimaliza ndani ya siku chache. Kiwandani huunganisha nyuzi zake kwa kemikali maalumu ili zisivunjike upesi, na hapo ndipo fila inapata nguvu ya kukaa miezi sita, mwaka, wakati mwingine mwaka na nusu au zaidi, kutegemea aina yake na sehemu ilipowekwa.

Kufika hapa kumegharimu nyuso za watu. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kuchoma vaselini chini ya ngozi, na mafuta ya aina hiyo yakaja kuacha mabonge magumu na vidonda miaka baadaye. Mwaka 1981 Marekani iliidhinisha kolajeni ya ng'ombe. Ilibidi mtu apimwe kwanza mkononi kama ina mzio kwake, na baada ya miezi michache ilikuwa imekwisha. Asidi ya hayaluroniki iliidhinishwa huko mwaka 2003, ikashika soko, na sababu kubwa kwangu mimi kama daktari ni moja: ndiyo fila yenye dawa ya kuiondoa. Kimeng'enya kiitwacho hayaluronidezi kikichomwa palepale huivunja, na mara nyingi mabadiliko huonekana ndani ya saa chache. Silikoni ya maji, ambayo wengine huichoma kama fila, haina dawa kama hiyo. Wala fila za chembechembe za kalsiamu au za plastiki. Silikoni ikishaingia na kusambaa kwenye nyama, kilichobaki ni kisu, na kisu chenyewe hakiitoi yote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijawahi kuidhinisha silikoni ya maji kwa kunenepesha uso wala makalio.

Nisieleweke kwamba naidharau kazi hii au wanaoitaka. Wapo watu ambao mashavu yao yaliingia ndani kwa sababu ya dawa. Stavudini, iliyokuwa katika dozi za kufubaza VVU zilizotumika sana kwetu Afrika Mashariki, iliyeyusha mafuta ya uso kwa baadhi ya waliomeza kwa muda mrefu, mpaka mashavu yakawatangazia majirani jambo ambalo wenyewe hawakutaka kulitangaza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 nchi ziiache taratibu. Fila ya asidi ya polilaktiki ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2004, iliidhinishwa kwanza kwa ajili ya wagonjwa hao hao. Mtu anayetaka uso wake urudi hadhani anafanya anasa, nami simtazami hivyo.

Sasa, uso unazeekaje? Chini ya ngozi kuna vifuko vya mafuta, chini yake misuli, kisha mfupa. Miaka ikienda, mafuta ya shavu hupungua na kushuka, na tundu la mfupa linaloshika jicho hupanuka. Ngozi yetu nyeusi ina melanini nyingi inayoikinga na jua, kwa hiyo mikunjo midogo midogo huchelewa. Kinachotangulia kwetu ni mashimo chini ya macho, shavu kulegea, na mstari unaotoka puani kuja kwenye pembe ya mdomo. Mama akija akanionyesha mstari huo, "nijazie hapa," mara nyingi namweka mbele ya kioo, nanyanyua shavu lake kidogo kwa kidole, na mstari unafifia wenyewe. Tatizo liko juu, kwenye shavu. Ukimjazia mstari peke yake, uso unakuwa mzito chini. Na si kiasi kikubwa kinachohitajika: bomba moja la fila lina mililita 1, wakati kijiko cha chai kinachukua mililita 5.

Hatari kubwa ni ateri, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni. Uso una mishipa mingi ya damu na imeunganishwa. Ateri inayopanda pembeni mwa pua inakutana na matawi ya ateri inayolisha jicho. Fila ikiingia ndani ya mshipa inaziba damu isiende mbele, na ikisukumwa kwa nguvu inaweza kurudi nyuma mpaka kwenye jicho. Mtu hupofuka papo hapo, na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haivumilii kukosa damu kwa muda mrefu: dakika 90 ndizo zinazotajwa sana kama mwisho wa matumaini, na madaktari wengi wanaamini ni chache zaidi. Jambo hili ni nadra, lakini likitokea, kuona hurudi kwa wachache sana. Katikati ya nyusi, pua na paji la uso ndiko kwenye hatari zaidi. Ndiyo maana nachoma polepole, kiasi kidogo kidogo, na sehemu nyingi natumia kanula, mrija mwembamba wenye ncha butu, badala ya sindano kali. Kanula inapunguza hatari, haiiondoi.

Ateri ya ngozi ikiziba, vitabu vingi vinasema ngozi itageuka nyeupe, kisha ije na michirizi ya zambarau kama wavu. Picha zilizomo humo kwa kawaida ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo ni kijivu hafifu, na wavu unaweza usionekane kabisa. Kwa hiyo tusitegemee macho peke yake. Bonyeza sehemu iliyochomwa kwa kidole, achia, uangalie damu inarudi kwa muda gani, kisha fanya hivyo hivyo upande wa pili. Ikizidi sekunde tatu, au pande mbili zikitofautiana, kuna jambo. Midomo na shavu vikihusika, geuza mdomo utazame ndani, na ufizi pia, maana huko rangi haitudanganyi. Gusa: sehemu iliyoziba inaweza kuwa ya baridi kuliko jirani yake. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua ni dalili kubwa, lakini fila nyingi zina ganzi ndani yake, hivyo maumivu yanaweza kuchelewa mpaka umefika nyumbani. Siku mbili tatu baadaye hutoka vipele vya usaha, na hapo watu hudhani ni chunusi wakapaka krimu, huku nyama inakufa. Damu iliyovilia tu haifanyi hivyo: inabaki ilipo, na ukiibonyeza ngozi iliyoizunguka damu inarudi vizuri.

Tiba yake ni hayaluronidezi kwa dozi kubwa, tena na tena kila saa hadi damu irudi, pamoja na kukanda na vitambaa vya uvuguvugu. Haiagizwi kesho. Lazima iwe kabatini kabla sindano ya kwanza haijaingia.

Kuna kalamu zisizo na sindano zinazosukuma jeli kwa shinikizo la hewa, zinauzwa mtandaoni na kutumika kwenye baadhi ya saluni. Mwaka 2021 FDA iliwaonya watu wasizitumie. Anayeshika kalamu hiyo hajui jeli imefika wapi, na kwa kawaida hana cha kukusaidia ikifika pabaya. Muulize anayekuhudumia kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa Kenya, KMPDC, baraza la madaktari la huko. Madaktari wa ngozi ni wachache, ingawa kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa Afrika tangu mwaka 1992. Kusafiri kumfuata mmoja si kujisumbua bure.

Wengi wananiuliza kuhusu keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha. Utafiti wa fila za hayaluroniki kwa watu wenye ngozi nyeusi huko Marekani haukuonyesha keloidi kutokea. Kilichoonekana ni weusi kubaki pale sindano ilipopita, na mara nyingi unafifia wenyewe. Kama ukoo wenu una keloidi, niambie hata hivyo. Na tafadhali, kama unatumia mkorogo, sema. Sitakufokea. Krimu zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, na fila chini ya ngozi nyembamba huonekana kama kivuli cha bluu, hasa chini ya macho.

Mjamzito na anayenyonyesha nawaomba wasubiri. Mwenye jino linalouma au chunusi yenye usaha atibiwe kwanza, kwa sababu bakteria waliomo kwenye damu wanaweza kukaa kwenye fila. Ukiwa umeandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache bila daktari aliyekuandikia kujua.

Kabla hujaondoka, omba kibandiko kinachotoka kwenye boksi, chenye jina la fila, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, ukipige picha. Midomo itavimba siku mbili tatu za kwanza. Usihukumu umbo mpaka wiki mbili zipite. Lakini ukiona kijivu, baridi, maumivu yanayopanda au jicho linaingia giza, hata kama ni saa nane usiku, piga simu kwa aliyekuchoma. Akikuambia usubiri asubuhi, nenda hospitali kubwa iliyo karibu, waonyeshe picha ya kibandiko, na useme neno hayaluronidezi mlangoni.